Safu Mbili

Mama aliuza maharagwe Nyamakima
kwa gorogoro lililobonyea kitako.
Ukilitazama kwa juu, limejaa hadi linamwagika.
Ukifika nyumbani, sufuria inakwambia jingine.
Sikuwahi kumuuliza nani alilibonyeza.

Sasa nina daftari la kurasa tisini na sita
na chumba Umoja, ghorofa ya tano, chini ya matangi ya maji,
ambamo kadi sita zinavuma usiku kucha
na Okumbe analala sakafuni kama mlinzi wa ghala.
Julai hii ya baridi, jirani yetu Nekesa
huanika soksi za wanawe mlangoni kwetu.
Ndiyo faida pekee, husema, aliyowahi kuiona
ya hiyo sarafu yenu isiyoshikika.

Kila usiku saa tatu naandika safu mbili.
Kushoto: inavyosema programu.
Kulia: linavyohesabu bwawa,
chama chetu cha wachimbaji tusiojuana sura,
ambacho hakisikii mngurumo wala hakioni jasho,
kinapokea majibu tu, na kuyahesabu.

Mia na themanini na sita, yasema skrini,
megaheshi, kwa rangi ya kijani, bila kupepesa.
Mia na sabini na moja, lasema bwawa.
Jumatatu hivyo. Jumanne hivyo, kasoro moja.
"Ni bahati," akasema Okumbe. "Bahati hupanda na kushuka."
Nikamwambia bahati ya kweli ingekosea kwa faida yetu pia,
walau siku moja.

Kumi na tano. Nikaanza kuzitafuta
kama shilingi iliyobingirika chini ya kitanda.
Mbili: ushuru wa fundi aliyeiandika programu,
umetajwa pale chini kwa herufi za ukubwa wa sisimizi.
Sita: majibu yaliyokawia njiani,
yakafika yamechacha,
swali lenyewe limekwisha kubadilishwa.
Saba zilizobaki zilininyima usingizi siku nne.

Ilikuwa kadi ya tano.
Tuliinunua mtumba, Luthuli, ikiwa dhaifu,
Okumbe akaikaza mwezi wa Mei
ili ifikie wenzake,
nayo ikafikia: thelathini na moja, kila ukiitazama.
Robo ya majibu yake yalikuwa makosa matupu.
Haikudanganya. Ilitoa hesabu ya mbio zake,
na mbio ilikimbia kweli.

Tukailegeza.
Skrini ikashuka hadi mia na themanini na nne.
Okumbe akashika kichwa.
Kesho yake bwawa likapanda hadi mia na sabini na sita,
akacheka peke yake, akaenda kununua mandazi.

Ningelifunga daftari hapo.
Lakini nyuma kabisa kuna safu nyingine mbili,
za tokeni za stima, ambazo mimi ndiye mnunuzi.
Nilichomwambia Okumbe: elfu mbili.
Kilichoandikwa kwenye ujumbe wa simu: elfu moja mia saba.
Kila Ijumaa, tangu Machi.
Mia tatu, mia tatu, kwa mwandiko wangu mwenyewe,
maana mkono uliozoea kupima haujui kuacha.

Usiku huu nimeliacha wazi juu ya kiti chake cha plastiki.
Huamka saa kumi kuangalia feni.
Mashine zinavuma, zote sita, sauti moja,
huwezi kujua ipi inakosea.
Nekesa ameanua soksi zake; moja imesalia,
bado ina unyevu kisiginoni.
Mwanga wa kijani umeangukia ukurasa.
Sijui ataanza kusoma upande upi.